Barua za Bibi Salme si umbea

Wadau, leo siandiki habari za bumu kuchelewa wala foleni ya kafeteria. Hizo mnazijua, wengine mnaziishi. Leo nina hoja moja imenikaa kooni tangu semina ya wiki iliyopita, na nisipoitoa nitashindwa hata kufungua madesa.

Hoja yenyewe ni hii. Kwenye semina mwenzetu mmoja alisema kwamba barua binafsi za watu wa kifalme ni umbea uliovalishwa kanzu. Eti historia ni mikataba, meli, bei ya karafuu na tarehe. Mtu kumlilia kaka yake kwa kalamu si historia, ni mambo ya ukoo. Darasa likacheka, mimi mwenyewe nikacheka, maana jamaa anajua kuchekesha. Lakini kicheko kilipoisha nikabaki na swali: kwani hiyo mikataba iliandikwa na nani kama si hao hao wana ukoo?

Naomba nitumie mfano mmoja tu, ambao wengi wetu tunaujua juu juu. Ni Bibi Salme binti Said, yule ambaye Ulaya wanamwita Emily Ruete. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, kwenye kasri la Mtoni. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake ni Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Watalii wanasimuliwa habari zake kama filamu ya mapenzi: binti mfalme, jirani Mjerumani, dirisha kwa dirisha, usiku, meli, kwaheri. Inapendeza. Lakini hiyo ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Sehemu kubwa ni barua.

Tuanzie mwanzo. Enzi zile mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hapana. Kuandika kulikuwa jambo la hatari kwa mwanamke, maana anayejua kuandika anaweza kupeleka neno nje ya ukuta. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Hebu fikiria hapo kidogo. Sisi tunalalamika daftari limeisha, huyu binti anaandika juu ya mfupa, tena kwa kujificha.

Sasa angalia ujuzi ule ulikompeleka. Seyyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, njiani kurudi Unguja kutoka Muscat. Kiti cha Unguja akakikalia mwanawe Majid. Kaka mwingine, Barghash, akaona kiti kile ni haki yake. Mwaka 1859 akaandaa uasi. Dada zake wengine walikuwa upande wake, akiwemo Bibi Khole, ambaye Salme alimpenda mno. Wakamvuta na yeye. Alikuwa na miaka kumi na tano tu, na kazi aliyopewa ilikuwa moja: ukatibu. Yeye ndiye aliyekuwa anajua kuandika, basi barua za njama zikapita mikononi mwake. Kwenda kwa machifu na wakuu, kuomba watu, kuomba bunduki, kupanga siku.

Jamani, huo ni umbea? Hizo ni barua za ndugu kwa ndugu na jamaa kwa jamaa, zimeandikwa na kigori ndani ya nyumba, na ndizo zilizobeba jaribio la kupindua dola. Uasi ulishindwa. Nyumba ya Barghash ilizingirwa, akatoroshwa akiwa amevaa nguo za kike, akajichimbia kwenye shamba la Marseilles, Waingereza wakaingilia kati kumsaidia Majid, na mwisho mdai kiti akapandishwa meli kwenda uhamishoni Bombay. Alikaa huko kama miaka miwili ndipo akaruhusiwa kurudi.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza nadhani imeshaonekana. Kwenye familia ya kifalme, hakuna barua ambayo ni ya kifamilia tu. Ukimwandikia kaka yako na kaka yako ni Sultani, au anataka kuwa Sultani, hiyo barua ni karatasi ya serikali hata kama umeanza na salamu za watoto. Na kinyume chake ni kweli pia. Mkataba wa serikali kwa watu hawa unakuwa na harufu ya jikoni. Anayesaini anajua fulani na fulani walinyonya ziwa moja na fulani na fulani hawasalimiani.

Turudi kwa Salme. Baada ya uasi, Majid alimsamehe. Si kidogo. Huyu dada alikuwa amelelewa kwa muda katika nyumba ya Majid mwenyewe, na Majid ndiye aliyemfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Halafu akageuka akawa karani wa wapinzani wake. Majid akayameza. Ila waliokuwa wenzake wa njama hawakupenda kuona anapatana tena na Majid, na upweke wake pale mjini ulianzia hapo.

Yaliyofuata mnayajua. Alikutana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Akashika mimba. Agosti 1866 akaondoka kwa siri na manowari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, akabatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa Mei 1867, na wakaanza safari ya Ujerumani. Mtoto yule wa kwanza hakufika, alifia njiani. Hamburg wakapata watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Halafu Agosti 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu. Miezi miwili baadaye, Oktoba 1870, Majid naye akafa kule Unguja. Ndani ya mwaka mmoja mwanamke wa miaka ishirini na sita amepoteza mtu aliyemfuata na mtu aliyekuwa amemsamehe. Na anayekalia kiti sasa ni nani? Barghash. Yule yule aliyekuwa anamwandikia barua za uasi.

Ungetegemea nini hapo? Mimi ningetegemea milango ifunguke. Kaka ambaye mwenyewe ameonja uhamisho, ambaye alikula chumvi ya Bombay, ambaye dada huyu alihatarisha shingo kwa ajili yake, bila shaka angemwelewa mtu aliye mbali na kwao. Wapi. Kwa Barghash, Salme alikuwa ameritadi, ameaibisha nyumba, na kwa sheria amekatwa kwenye mirathi. Barua za Salme zikagonga ukuta.

Mwaka 1875 Barghash alitembelea Uingereza. Salme akafunga safari mpaka London na matumaini ya kumwona uso kwa uso. Akajiwa na Sir Bartle Frere, mzee wa siasa, aliyekuwa ametumwa Unguja mwaka 1873 kusukuma mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Frere akamshawishi aache kumtafuta kaka yake, kwa ahadi kwamba serikali itaangalia maisha ya watoto wake. Akakubali. Barghash akaondoka zake, na ile ahadi ikayeyuka: akaambiwa yeye ni raia wa Ujerumani, aende kwa serikali yake. Habari hii ameisimulia mwenyewe kwenye kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka Berlin mwaka 1886.

Sasa nawauliza mabingwa wa mikataba na tarehe. Hapo siasa iko wapi na ukoo uko wapi? Serikali kubwa kuliko zote duniani wakati ule imekaa chini kuhakikisha dada asiongee na kaka yake. Kama mazungumzo ya ndugu ni umbea, kwa nini Frere ahangaike?

Hoja yangu ya pili ni ngumu kidogo na najua baadhi yenu hamtaipenda. Watu wengi wakisoma habari hizi wanamaliza kwa kumlaani Barghash. Moyo wa jiwe, hana utu, na kadhalika. Mimi nasema tumwangalie na yeye vizuri.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Alikuja na watoto wake ndani ya meli ya Kijerumani, Adler. Lakini hakuja peke yake. Bandarini kulikuwa na manowari za Ujerumani zilizokuja kumshikia Barghash bunduki kuhusu bara. Carl Peters alikuwa ameshazunguka Usagara na jirani zake mwishoni mwa 1884 akikusanya mikataba yake ya ulaghai, na Februari 1885 Kaiser akaibariki. Barghash alilalamika. Bismarck akajibu kwa mizinga. Na katikati ya mizinga hiyo, dada yake.

Jiweke mahali pa Barghash. Umesoma barua za dada yako miaka yote na hukujibu. Leo anatokea mbele ya dirisha lako, na nyuma yake kuna adui anayekunyang'anya nchi. Anadai mirathi, na ana mtoto wa kiume mwenye damu ya Seyyid Said na uraia wa Ujerumani. Hata kama Salme mwenyewe hakuwa na tamaa ya kiti, wenzake wa Berlin walijua kabisa thamani ya kijana yule kama karata. Ungemkaribisha kahawa? Barghash hakumpokea. Alikubali masharti ya Wajerumani kuhusu bara, na Wajerumani walipopata walichotaka, dai la Salme halikuwa na kazi tena. Kiasi cha fedha alichopewa na Barghash kama malipo ya madai yake kilikuwa kidogo, akakikataa.

Kwa maelezo yake mwenyewe, mitaani watu walimsalimia kwa furaha. Kasrini kimya.

Hapa ndipo napenda barua kuliko mikataba. Mkataba utakwambia Barghash alikubali. Hautakwambia kwamba siku ile alikuwa anapoteza vitu viwili kwa pamoja, na kwamba pengine asingeweza kuviokoa vyote. Ningekuwa mimi ningemfungulia mlango dada yangu, naandika hivyo bila kusita. Lakini mimi sina kiti, sina bandari, na hakuna mtu amewahi kunielekezea mzinga. Ni rahisi kuwa mkarimu ukiwa unakaa chumba cha watu wanne.

Barghash alifariki Machi 1888. Salme akaja tena Unguja mwaka ule ule, kwa matumaini kwamba mrithi, Khalifa, atakuwa mlaini. Hakuambulia kitu. Hakurudi kuishi Ujerumani, akaenda kukaa Jaffa, kisha Beirut kwa miaka mingi, hadi 1914. Alifia Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, na akazikwa Hamburg. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa bibi kizee, serikali ya Zanzibar ilikuwa imeanza kumlipa pensheni ndogo. Miaka zaidi ya hamsini ya kuomba, na jibu likaja mtu anakaribia kaburi.

Sasa nifike kwenye barua zenyewe ambazo ndizo zilizonifanya niandike leo. Baada ya kifo chake watoto wake walikuta maandishi kwenye mali zake. Yalikuwa kwa namna ya barua ndefu kwa rafiki wa kike aliyeko Unguja. Zilikuja kuchapishwa kwa Kiingereza mwaka 1993, zikiwa pamoja na kumbukumbu zake, na baadaye kwa Kijerumani chenyewe. Jina lake ni kama kusema barua za kupeleka nyumbani.

Kitabu cha 1886 kinasimulia Unguja ya utoto wake. Barua hizi zinasimulia kilichotokea baada ya kushuka melini Ulaya: baridi, nyumba zilizofungwa milango, lugha asiyoielewa. Mume wake alikuwa anaongea naye Kiswahili, na akiwa kazini Salme anabaki bubu mchana kutwa. Halafu mume anakufa, na yeye anagundua kwamba kwa sheria za Hamburg mjane hasimamii watoto wake peke yake, lazima wawekwe wasimamizi wanaume. Halafu hela zinapungua, anahama mji hadi mji. Na juu ya yote hayo kuna lile la dini. Amebatizwa, lakini sala za utotoni hazijamtoka. Huku si wa huku, kule wamemfuta.

Lakini kinachoniumiza kichwa ni hiki. Barua zile ziliandikwa kwa Kijerumani. Rafiki wa Unguja wa wakati ule, mwanamke wa ndani, angesomaje Kijerumani? Na hazikutumwa. Jina la rafiki halipo. Basi mwandikiwa ni nani?

Mimi jibu langu ni kwamba aliwaandikia wanawe. Watoto wake walikua Wajerumani. Kwao, Unguja ilikuwa hadithi ya mama. Yapo mambo mzazi hawezi kumwambia mtoto akimtazama machoni: kwamba nilijuta, kwamba nilitaka kurudi, kwamba wakati mnacheka mezani mimi nilikuwa sipo. Akaamua kumwambia mtu wa mbali, kwa lugha ambayo watoto tu ndio wangeielewa, na akaziacha pale ambapo wangezikuta. Sijui mnaonaje, lakini kwangu huo ni ujanja wa mtu aliyejifunza toka utotoni kwamba maandishi ni kitu cha kuficha mpaka wakati wake ufike. Toka kwenye mfupa wa ngamia mpaka kwenye sanduku la Jena, ni mwandishi yule yule.

Na ndiyo maana siwaamini pia wanaosoma barua hizi kama vile ni moyo umefunguliwa kwa kisu. Hapana. Mtu anayeandika barua anachagua. Salme anachagua sana. Anayeonekana kwenye maandishi yake ni binti aliyeonewa, na ni kweli alionewa. Lakini nani alikuwa anachota maji Mtoni? Nani alikuwa anachuma karafuu kwenye mashamba aliyokuwa anadai arithi? Mali ya Seyyid Said ilisimama juu ya migongo ya watumwa, na Salme kwenye kitabu chake aliutetea utumwa wa kule kwao waziwazi na kuandika maneno mabaya juu ya watu weusi. Mwaka 2019 Hamburg walikiita kiwanja kimoja kwa jina lake, na mwaka uliofuata wakaamua kuliondoa kwa sababu ya maandishi hayo hayo.

Dada mmoja wa mwaka wa kwanza alinibana kwenye kimbweta kwa hoja hii. Akaniambia, kaka, unamlilia mwanamke ambaye angekuwa hai babu wa babu yangu angemfungia viatu. Sikuwa na la kumjibu pale pale, maana anachosema ni kweli. Nilichokuja kumwambia baadaye ni hiki: sikuombi umlilie. Nakuomba umsome. Wale waliochota maji hawakufundishwa kuandika na hakuna aliyewapa hata mfupa. Tukitaka kuwaona, mojawapo ya mahali pa kuwatafuta ni humo humo, kwenye barua za mabwana zao, pale mwandishi anapopitisha jambo kwa haraka kama vile si kitu. Mwandishi akisema chakula kiliandaliwa, uliza na nani. Mikataba haitakupa hata upenyo huo. Na yeye akaniambia sawa, lakini nisimwite shujaa. Nikakubali. Simwiti.

Hebu sasa mlinganishe na mtu mwingine wa nyumba ile ile. Khalid, mtoto wa Barghash. Agosti 1896 Sultani Hamad alipofariki, Khalid aliingia kasrini akajitangaza. Waingereza walikuwa na mtu wao. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti, saa tatu na dakika chache, mizinga ikaanza, na haikufika hata saa moja kasri likawa kifusi na mamia ya watu wamekufa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Oktoba akavushwa kuja hapa Dar es Salaam. Aliishi mji huu kama miaka ishirini. Waingereza walimkamata mwaka 1916 wakati wa vita, wakampeleka St Helena na Shelisheli, kisha wakamruhusu kurudi Mombasa, ambako alifariki mwaka 1927.

Mwaona? Baba alimfungia mlango shangazi kwa sababu amekuja chini ya bendera ya Ujerumani, miaka kumi na moja baadaye mtoto wake mwenyewe anaokolewa na bendera hiyo hiyo. Lakini ukimuuliza mtu mtaani habari za Khalid, atakwambia vita fupi kuliko zote duniani, dakika thelathini na nane, basi. Miaka thelathini na moja ya uhamisho inafunikwa na dakika thelathini na nane. Shangazi yake tunamjua kwa miaka sabini na tisa, kwa sababu aliandika. Kwa mtu aliyepoteza kiti, nchi na ndugu, kalamu ndiyo tofauti ya kuwa mtu na kuwa tarehe.

Sasa nyie mtauliza haya yananihusu nini mimi mwana wa mkulima, sina hata mjomba diwani. Yanatuhusu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 si Sultani Jamshid peke yake aliyeondoka. Yeye alikwenda Uingereza, akaishi Portsmouth miaka mingi, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, na akafariki Desemba 2024. Lakini waliondoka na watu wa kawaida kabisa, wakaenda Muscat, Dubai, London, na wakaacha nyuma mama, shangazi, wake wenza, majirani. Hao wote waliandikiana. Kwa Kiswahili, wengine kwa herufi za Kiarabu. Barua zilikuja zimepitia mikono ya wasafiri, zina salamu za watu arobaini na habari tatu tu za kweli, maana mwandishi alikuwa anaogopa nani atazifungua. Na waliobaki nao walikuwa na yao ya kusema, na hofu zao, na sababu zao za kuyataka Mapinduzi. Zote hizo ni historia ya nchi hii.

Rafiki yangu mmoja wa Unguja aliniambia bibi yao alipofariki walisafisha chumba, wakakuta furushi la barua kutoka Arabuni, na mjomba mmoja akaamuru zichomwe. Sababu yake: ni mambo ya ndani, yatagombanisha watu. Simlaumu mjomba, huenda alikuwa anajua kilichomo. Lakini moto hauchagui. Umekula ugomvi, na umekula pia bei ya unga ya mwaka ule, jina la mtoto aliyezaliwa ugenini, na siku ambayo mtu aliacha kuamini kwamba atarudi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na anayetaka kunipinga anikute vimbwetani. Kwanza, tuache kuita umbea kitu ambacho serikali zilikitumia wajumbe na manowari kukizuia. Pili, tusiwasome hawa watu wa kifalme kwa kupiga magoti wala kwa kutema mate. Tusome kama tunavyosoma mkataba: nani anaandika, anataka nini, kamficha nani. Tatu, na hili ndilo kubwa, wenye barua nyumbani wasizichome. Kama zina moto, zifungeni, muandike juu zifunguliwe baada ya miaka thelathini, wawekeeni wajukuu. Salme alifanya hivyo hivyo, na kaka aliyekataa kumjibu leo tunamwelewa vizuri zaidi kupitia dada aliyemkataa.

Likizo hii nikifika kwetu nitamuuliza mama lile kasha la bati la marehemu babu lina nini. Nikikuta ni risiti za pamba tupu, basi nitasoma risiti za pamba.